Mshiriki Namba Thelathini na Moja

Chumba cha majaribio, ghorofa ya chini.
Jumanne asubuhi.

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko mizunguko unayowakimbiza watoto wa watu kila asubuhi, wewe umesimama kivulini na filimbi mdomoni. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na mabinti zenu wawili. Mkubwa ameacha kung'ata kucha? Na mdogo, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka akiwa ameziba mdomo? Wifi mwambie kitambaa alichonitumia nimeshakishona, na kimenikaa vizuri mpaka watu wa ofisini wananiuliza nimeanza lini kupendeza. Mama hajambo. Goti lake la kushoto linamsumbua asubuhi, naye analilaumu godoro, analilaumu baridi, analaumu kila kitu isipokuwa umri wake. Mimi pia ni mzima, kwa namna nitakayokueleza huko mbele.

Najua utashangaa kupata barua, tena nene hivi, wakati simu ipo. Kaka, kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza jambo la maana unanitania na kuniita Sisimizi, nikiendelea unasema mtandao unakatika, nikipiga tena unampa simu wifi. Karatasi haikatiki. Kwa hiyo keti, tena keti vizuri, uisome kwa utaratibu. Usikimbilie ukurasa wa mwisho kama unavyofanya na magazeti. Haya mambo yana mpangilio wake na nimeumia kichwa kuyapanga.

Nianze na habari njema, maana ninazo na siwezi kujizuia. Vile vipande vyangu vya shayiri, ambavyo wewe ulivibatiza jina la matofali mbele ya wakwe zako bila haya, vimefaulu. Vimefaulu kwenye damu za watu, kaka, siyo mdomoni tu. Mwezi ujao vinaingia madukani ndani ya karatasi ya kijani, na kila kipande kitakachotafunwa kimepita kwenye akili ya mdogo wako. Ukitaka kuomba radhi kwa ajili ya lile jina, ukurasa wa nyuma wa barua hii nimeuacha wazi.

Hukuwahi kuniuliza kwa dhati ninafanya nini humu, kwa hiyo nitakueleza bila kuulizwa. Kampuni ilitaka kitafunwa ambacho mtu atakula saa nne badala ya biskuti, na ambacho kitamsaidia kudhibiti kolesteroli, yale mafuta ya kwenye damu yanayoziba mishipa polepole huku mwenyewe anajiona mzima. Shayiri ina nyuzinyuzi ambazo zikifika tumboni zinakuwa kama uji mzito unaoteleza, na uji huo unazoa sehemu ya mafuta na kuondoka nayo. Juu ya hapo tunaweka unga mweupe unaotokana na mafuta ya mimea. Daktari wetu anasema ule unga ni kama abiria waliowahi viti: kolesteroli inapofika kwenye utumbo inakuta pamejaa, nyingine inabidi ishuke. Sayansi yenyewe ni hiyo. Kazi iliyobaki ni kumfanya mtu akubali kuitafuna.

Na hapo ndipo nilipopata tabu. Ule unga mweupe una harufu ya mshumaa uliozimwa. Zile nyuzinyuzi nazo zina uchoyo wa maji: leo unatoa kipande laini kwenye oveni, keshokutwa kimefyonza unyevu wote na unaweza kugongea msumari. Kile ulichokula wewe kilikuwa cha jaribio la tisa, na nakiri hapa kwa maandishi kwamba kilistahili matusi yako. Nilifanya majaribio ishirini na saba. Nilibadilisha asali, nikapunguza karanga, nikaweka lozi, nikatoa lozi. Dawa niliipata siku nilipoacha kuisaga shayiri mbichi nikaikaanga kwanza kavukavu mpaka ikanukia, kisha nikaiunganisha na tende zilizolowekwa na kusagwa. Harufu ya mshumaa ikafunikwa, na ule ugumu ukakubali kusubiri.

Kusubiri muda gani? Hilo aliamua mama wa usafi. Tuna mashine ya kupima ugumu, imenunuliwa kwa mbwembwe, inatoa namba na mchoro. Lakini mama wa usafi ana meno ya bandia, ya juu na ya chini, na hakuna mashine inayomfikia. Kila Ijumaa nilitoa kipande kwenye droo ambamo tunavihifadhi ili kuona vinazeekaje, nikampa. Akitafuna kimya, kimepita. Meno yakilia tak, nakata alama. Yakibaki kwenye kipande wakati yeye ameshafungua mdomo kusema, hiyo kazi naanza upya. Siku alipotafuna kipande cha miezi mitatu, akameza, akauliza kama kuna kingine, nilimkumbatia na fagio lake.

Baada ya hapo ikaja kazi ya kuthibitisha. Tuliandikisha watu arobaini, madereva, walimu, wauza duka, hata mkunga mmoja, wote wenye kolesteroli iliyopanda kidogo. Nusu wangekula vipande vyangu. Nusu wangekula vya kufanana navyo, rangi moja, uzito mmoja, ila ndani hamna shayiri wala ule unga. Karatasi zote nyeupe, zimeandikwa namba tu. Aliyejua nani anakula nini ni mwanatakwimu wetu peke yake, mtu mkimya mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, ambaye daftari lake analifungia kabatini na ufunguo anaondoka nao hata akienda kunawa mikono. Vipande viwili kwa siku, wiki kumi, damu inapimwa mwanzo, katikati na mwisho kwenye zahanati ya mtaa wa pili.

Sasa sikia kosa langu, na ni kosa ambalo labda ni sisi watu wa chumba cha majaribio tu tunaoweza kulifanya. Siku moja kabla ya kuanza, mshiriki namba thelathini na moja, fundi cherehani, alijitoa kwa sababu anahama. Mpango ulisema arobaini. Kumtafuta mwingine na kumkamilishia makaratasi kungechukua wiki mbili, na vipande vilikuwa vimeshapikwa na kuhesabiwa. Mimi nimezoea kuonja kila kinachopita mbele yangu. Unga naonja, gundi ya karatasi nimewahi kuonja. Nikachukua fomu ya fundi cherehani, nikajaza herufi za mwanzo za jina langu, nikaenda zahanati ambako hakuna anayenijua, nikakunja mkono wa blauzi. Nilijiambia mimi pia ni mtu, nina damu, kuna ubaya gani. Ulimi wangu uliniambia siku ya kwanza kwamba nimeangukia vipande vya kweli. Nilivila vyote, viwili kila siku, sikuruka hata kimoja.

Wiki ya pili zahanati ilimwandikia namba thelathini na moja barua ya kumtaka aende kumwona daktari haraka. Niliisoma nikiwa nimesimama karibu na oveni, nikacheka peke yangu. Nikasema hawa wamechanganya chupa. Mimi huyu, mwembamba, ninayekula shayiri kwa mshahara, nimwone daktari kwa ajili ya mafuta? Nikaikunja nikaiweka mfuko wa aproni, na aproni ikaenda kufuliwa.

Wiki kumi zikaisha. Tukakusanyika kwenye chumba cha mikutano, bosi, daktari, mimi na mwanatakwimu na daftari lake. Akasoma bila kupandisha sauti: waliokula vipande vya kweli kolesteroli yao imeshuka kwa karibu sehemu moja ya kumi, wale wengine imebaki palepale. Kaka, nilitamani ungekuwepo uone nilivyonyoosha mgongo. Bosi alipiga meza. Kisha mwanatakwimu akavaa miwani yake akasema kuna mtu mmoja anatudanganya. Namba thelathini na moja alianza na kiwango mara mbili ya mtu wa kawaida, na amemaliza karibu palepale, ameteremka kiduchu tu. Huyo, akasema, ama anavitupa vipande ama anakula vyakula vya mafuta kwa siri, na ingefaa aitwe aulizwe. Bosi akasema kuna watu hawana shukrani. Daktari hakucheka. Alitaka kujua mtu wa namna hiyo alikubaliwa vipi kwenye jaribio, na kwa nini hakufika alipoitwa.

Ningeweza kunyamaza. Lakini wananiitaje mdanganyifu, mimi niliyetafuna vipande mia na arobaini bila kuruka?

"Namba thelathini na moja ni mimi," nikasema.

Nilisemwa, na nilistahili. Mwanatakwimu aliniuliza kama naelewa kwamba mpishi haingii kwenye mizani ya chakula chake, na alinipandishia sauti, mtu ambaye hata siku aliyomwagiwa chai alisema samahani yeye. Nilipewa barua ya onyo. Ripoti ilicheleweshwa wiki tatu. Namba yangu ikaondolewa, na ikaandikwa waziwazi kwenye ripoti kwa nini imeondolewa. Matokeo ya wale thelathini na tisa yamesimama bila mimi, na wakaguzi wa nje wameyapitia mara mbili, kwa hiyo sina hofu nayo. Tena nimefaidika kwa jambo moja. Bosi alitaka kwenye karatasi ya kijani tuandike kwamba vipande vinafuta kolesteroli. Nilikuwa nabishana naye tangu mwaka jana. Siku ile nilimwambia andika, kisha uniweke mimi kwenye tangazo na majibu yangu ya damu mkononi. Sasa imeandikwa kwamba vinasaidia kudhibiti, na chini yake, kwa herufi zinazosomeka, kwamba si badala ya dawa. Naionea fahari ile sentensi ya chini kama ninavyoionea fahari shayiri.

Wengine walipotoka, daktari alinibakiza. Ni mama wa makamo, anaongea taratibu, na akikuangalia unajua hakuna pa kukimbilia. Alinieleza kwamba mtu mwembamba anayekula vizuri, akikutwa na kiwango kile, mara nyingi si suala la chakula. Amezaliwa hivyo. Ini lake halijui kuondoa yale mafuta kwenye damu kama maini ya wenzake, na hali hiyo inatoka kwa mzazi, na kila mtoto wa mzazi huyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Kisha akaniuliza swali.

"Baba yako alikufa kwa nini?"

Nikamjibu kama tunavyojibu siku zote, mimi na wewe na mama. Nikasema alianguka kutoka kwenye ngazi.

Akauliza alikuwa na umri gani. Arobaini na mbili. Akauliza kama alikuwa mnene. Nikasema alikuwa mpaka rangi, mwembamba, alikuwa anapanda na ndoo mkononi bila kuhema. Akaniuliza kama nakumbuka miguu yake, nyuma, juu ya kisigino. Nilishtuka, maana nani anauliza miguu ya marehemu? Lakini nakumbuka, na wewe unakumbuka. Vile vinundu viwili, vigumu, kila mguu. Alikuwa anakata viatu vyake kwa nyuma kwa kisu ili visimuume, na tuliambiwa ni sugu za kusimama kwenye ngazi. Daktari akasema sugu hazikai pale. Yale ni mafuta, yanajikusanya kwenye ule mshipa mgumu wa kisigino kwa watu wenye hali hii. Alisema hawezi kumpima mtu aliyezikwa na hataapa kwa asichokiona. Lakini mtu wa miaka arobaini na mbili, mwenye vinundu vile, na binti mwenye damu kama yangu, akianguka ghafla, yeye angeanza kuuliza habari za moyo kabla ya kuuliza habari za ngazi.

Kaka, nataka uache kusoma kidogo unywe maji, kisha uendelee.

Siku ile nilikuwa na miaka kumi na miwili, wewe kumi na sita. Baba alikuwa anapaka ukuta wa nyuma wa nyumba yetu, ule wa upande wa jiko, na wewe umeshika ngazi. Mimi nilikuwa jikoni nimekaanga karanga na sukari kwa mara ya kwanza peke yangu. Nilipoona hazijaungua nilichungulia dirishani nikakuita uje uonje. Ulisema subiri. Nikakuita tena. Nikakuambia zitapoa. Ukaja, ukachukua moja, ukaitafuna, na hapo tukasikia kishindo.

Watu walipojaa uani wakauliza nani alikuwa ameshika ngazi, ulisema ni wewe. Wakakuuliza kwa nini uliondoka. Mimi nilikuwa nyuma yako, nimeshika shati lako, karanga bado ziko mdomoni. Nilisubiri useme. Ulinitazama mara moja tu, kisha ukawajibu:

"Nilichoka kushika."

Hukunitaja siku ile, wala kwenye msiba, wala miaka iliyofuata ambayo baba wadogo walikuwa wanakusema kila kikao cha familia. Mama naye alikuambia lile neno zito ambalo sitaliandika hapa, na hukufungua mdomo. Ukaenda kusoma mbali, ukapata kazi mbali, ukaoa mbali. Watu walisema huna mapenzi na kwenu. Mimi nilikuwa najua, na nilinyamaza. Nilinyamaza nikiwa mtoto kwa hofu, na nikanyamaza nikiwa mtu mzima kwa aibu, na aibu ni mbaya zaidi kwa sababu mtu mzima ana mdomo. Umenibebea jambo langu miaka ishirini na miwili, kaka. Nakuomba radhi. Sina namna ya kulisema vizuri zaidi ya hivyo.

Sasa nisikilize kwa makini. Tangu siku ile ya daktari nimekuwa nikiirudia picha ya uani, naitazama kama ninavyotazama trei ikitoka kwenye oveni, kona moja baada ya nyingine. Mimi nilifika nje wa kwanza, wewe nyuma yangu. Baba alikuwa chini. Ngazi ilikuwa imesimama. Kaka, ilikuwa imesimama pale pale, imeegemea ukuta, na ndoo ya rangi inaning'inia kwenye ndoano yake juu, haijamwaga hata tone. Ilibaki hivyo mpaka kesho yake watu walipoitoa ili kupisha viti vya msiba. Sote tuliiona, na hakuna aliyejiuliza. Ngazi ambayo imeteleza kwa kukosa wa kuishika inakuwa chini pamoja na mtu. Ile haikutikisika. Aliyeachia ni baba, kwa sababu moyo wake ulikuwa umeshasimama au unasimama, na hata kama mikono yako ingekuwepo, hata kama tungekuwa watu kumi tumeikumbatia ngazi ile, angeanguka vilevile.

Sikutaka kukuletea hili nikiwa na picha ya kichwani tu. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa mama. Nilimwambia kwanza habari ya karanga. Kisha nikamuuliza ngazi ilikuwaje. Akachukua kikombe ambacho kilikuwa kisafi akakiosha tena. Akasema ndoo aliitungua yeye mwenyewe, na mikono ilimuuma kwa uzito kwa sababu ilikuwa imejaa. Akasema pia kwamba baba siku mbili kabla alilalamika kifua kinambana, na alidhani ni kiungulia. Halafu akakaa chini, mama yetu ambaye hakai mchana, akasema maneno haya nami nakuletea kama yalivyo:

"Kumbe mtoto wangu alibeba peke yake."

Mama amepimwa, damu yake haina neno. Kwa hiyo hali hii ilitoka kwa baba. Nami nimeanza vidonge, kimoja kila siku, na baada ya wiki sita kiwango changu kimeshuka karibu nusu. Na vipande vyangu bado nakula, maana vinasukuma kidogo upande wake, lakini mzigo unabebwa na vidonge. Daktari anasema nikiendelea hivi nitazeeka mpaka niwachoshe. Nakuambia haya ili ujue siandiki barua ya msiba. Jambo hili lina dawa, na dawa yenyewe ni ndogo kuliko punje ya dengu.

Lakini lazima upimwe. Najua utasema unakimbia kila siku na tumbo lako liko kama ubao. Baba alikuwa na tumbo la namna hiyo hiyo. Kaka, nilitoa ile picha uliyotutumia ya siku ya michezo, ile umemnyanyua mtoto mwenye kikombe na umegeuza mgongo nusu. Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia. Raba zako umezikanyaga kwa nyuma. Miaka mingi unasema visigino vinakuuma kwa ajili ya kukimbia, hata harusini kwako ulivaa makubazi tukakucheka. Vua soksi sasa hivi upapase pale nyuma. Ukikuta vigumu, unajua. Usipokuta, upimwe hivyo hivyo. Mwezi wa nne unatimiza miaka thelathini na tisa, na nimeifanya hesabu hiyo mara nyingi mno. Wakikukuta nayo, mabinti zako nao wapimwe, mapema, wangali wadogo wa kudanganywa kwa pipi baada ya sindano.

Nimeshakupangia. Usikasirike, ndivyo nilivyo. Nimeongea na wifi, naye amezungumza na zahanati ya kwenu, unatarajiwa Jumatatu saa mbili asubuhi, usile kitu kabla. Na mama anakuja. Anafika kwako Jumamosi kwa basi la mchana, na alinikataza nisikuandikie kwa sababu anataka kusema mwenyewe anachokuja kusema. Nimemkosea adabu nikaandika, kwa kuwa nakujua: ukimwona mlangoni bila taarifa utakumbuka ghafla kwamba timu yako ina mechi mji mwingine. Usiende popote. Mpokee begi, mkalishe, mwache aseme. Jumatatu ataandamana nawe mpaka zahanati, na goti lake hilo.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Wifi mwambie nimemshukuru kwa kutunza siri siku nne, ni rekodi. Mabinti wabusu kila mmoja shavu lake, na uwaambie shangazi yao anawatumia boksi la vipande na hakuna ruhusa ya kuviita matofali. Majirani wanaoniulizia nao wasalimie.

Limebaki moja. Kabla ya kukutoa damu, muuguzi atakujazia fomu. Atakuuliza jina, umri, kazi, kisha atakuuliza kama kuna mtu wa familia yenu aliyekufa kwa moyo akiwa na umri mdogo. Mama atakuwa ameketi hapo pembeni yako. Usiangalie chini, kaka. Mjibu kwamba yupo, ni baba.

Mimi mdogo wako niliyekuita,
Sisimizi.